Tarehe Mbili kwenye Daftari: Mwongozo Kamili wa Kuusikiliza Moyo Wako na Kuacha Uongo wa Kila Siku

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani hapa Moshi, hatua chache kutoka Soko la Mbuyuni, na kwa miaka kumi na minane nimekuwa mwongo. Kama hujui uongo wa fundi unafananaje, muulize yeyote aliyewahi kupeleka kitenge kushonesha. "Njoo Ijumaa." Ijumaa anaambiwa bado vishikizo tu. Jumamosi umeme ulikatika. Jumatatu fundi kaenda msibani Uru, na kitenge chenyewe kimo kwenye mfuko uleule kilioletwa nao, hakijaguswa hata na chaki.

Siku nilipoanza kujichunguza, kilichonishtua hakikuwa kwamba nadanganya. Hilo nilikuwa nalijua. Kilichonishtua ni kwamba tarehe ya kweli nilikuwa naijua vilevile. Mteja amesimama mbele yangu, namzungushia futi kamba kifuani, kiunoni, nyongani, na kabla sijamaliza kuandika vipimo kuna kitu ndani kimeshasema "Jumatano ya wiki ijayo". Mdomo ukasema "Ijumaa, dada". Nilikuwa na watu wawili ndani, mmoja anajua na mwingine anaongea, na hawasalimiani.

Huyo anayejua ndiye habari ya mwongozo huu. Wengine humwita moyo, wengine dhamiri, wengine nafsi. Vijana wa stendi husema "machale yamenicheza". Dini zina majina yake na maelezo yake, na sigombani nayo. Mimi namchukulia kama kifaa cha kazi, kama futi kamba yangu: anapima, lakini lazima ujue anapima vizuri wapi, na wapi ameshavutika.

Utahitaji daftari la kurasa mia, kalamu, miezi miwili na mtu mmoja asiye na papara.

Hatua ya kwanza: andika tarehe mbili

Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ulichosema. Kulia andika ulichojua wakati unasema. Acha nafasi chini ya kujaza kilichotokea.

Mimi nilianza mwezi wa nane kwa makusudi. Desemba hapa si mwezi wa kujifunza kitu chochote. Watu wanapanda kutoka Dar na kwingineko kuja kula sikukuu nyumbani, kila ukoo una ubarikio au harusi, kila harusi ina sare, na kila sare ina shangazi anayetaka yake iwe tofauti kidogo. Mwezi wa nane una nafasi ya kupumua.

Sharti gumu la hatua hii ni hili: usibadilishe kitu. Endelea kudanganya kama kawaida yako. Najua inasikika vibaya, lakini ukianza kujirekebisha siku ya kwanza, utakuwa unamwandikia mwalimu insha nzuri wala hutajua hali yako halisi. Andika tu, na andika palepale. Ukisubiri jioni, moyo unaanza kujitengenezea historia: "Ah, mimi nilijua." Kila mtu alijua, jioni.

Kama hushoni nguo, usitafute tarehe. Tafuta sentensi unayoirudia sana. Dereva wa bodaboda: "Dakika tano nafika." Anayekopa: "Mwisho wa mwezi nakurudishia." Mwalimu: "Mitihani nimeshaanza kusahihisha." Mke au mume: "Hapana, sijakasirika." Kulia andika kile ambacho mtu wa ndani alikuwa anakisema wakati huohuo. Mara nyingi atakuwa ametumia maneno machache kuliko wewe.

Mwisho wa mwezi wa kumi nilikuwa na oda arobaini na moja. Tarehe ya mdomo ilitimia mara tisa. Tarehe ya moyo ilitimia, au ilikosea kwa siku moja tu, mara thelathini na mbili. Nilikaa nikalitazama lile daftari hadi chai ikapoa. Miaka yote nilikuwa najiambia kwamba kazi ya ushonaji haitabiriki, umeme, uzi, watoto kuumwa. Kumbe kichwani mwangu ilikuwa inatabirika vizuri, na vizuizi vyote hivyo vilikuwa vimeshahesabiwa ndani ya ile "Jumatano".

Hatua ya pili: jua futi yako imevutika wapi

Futi kamba ya plastiki ikivutwa kila siku huongezeka urefu. Fundi mwangalifu huilinganisha mara kwa mara na rula ya chuma, maana mkono hauwezi kuhisi tofauti ya nusu inchi ila gauni la mteja litahisi. Moyo nao una sehemu zake zilizovutika, na daftari ndilo rula.

Nilipozitazama zile oda ambazo moyo ulikosea vibaya, karibu zote zilikuwa suti za kiume zenye bitana. Sijashona suti nyingi maishani. Moyo wangu uliziona kama magauni marefu yenye mifuko. Yaani, pale ambapo mikono yangu haijazoea, yule mtu wa ndani hakuwa na hekima yoyote. Alikuwa anabahatisha kwa sauti ileile ya uhakika.

Hili wataalamu wamelibishania sana. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi hisia za haraka zinavyotudanganya. Gary Klein, mwanasaikolojia mwenzake, naye aliwachunguza makamanda wa zimamoto Marekani akaona kinyume: wazoefu huamua kwa hisia na mara nyingi hupatia. Kisa chake kimoja kinajulikana sana. Kamanda mmoja aliingia na vijana wake kwenye nyumba wakamwagia maji moto wa jikoni. Moto haukupungua inavyotakiwa, chumba kilikuwa na joto kupita kiasi, na kulikuwa kimya kusiko kwa kawaida. Akawatoa nje bila kujua kwa nini. Sakafu ikaporomoka muda mfupi baadaye, kwa sababu moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye chumba cha ardhini. Kamanda mwenyewe aliamini ana kipaji cha ajabu. Klein aliona mtu aliyezima mioto mingi hadi mwili wake unatambua moto usio na tabia za moto.

Kahneman na Klein, badala ya kurushiana maneno, walikaa kwa miaka kadhaa wakijaribu kuona wanapingana wapi, na mwaka 2009 wakachapisha makala ya pamoja. Walikubaliana masharti mawili: jambo lenyewe liwe na utaratibu unaojirudia, na wewe uwe umepata muda wa kutosha wa kulifanya huku ukiona matokeo yake. Likikosekana moja kati ya hayo, uhakika unaousikia moyoni si ushahidi wa chochote. Hapo ndipo suti zangu zilipolala.

Na wateja wageni pia. Hili linaniuma kuliko suti. Alikuja kijana wa bodaboda, nywele za rasta, koti limechanika kwapa. Machale yakanicheza: huyu hatalipa. Nikamtoza advansi yote. Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja, amependeza, anaongea taratibu, ananiita mwanangu. Moyo ukatulia. Sikumtoza hata shilingi. Kijana alirudi siku niliyomwambia, akachukua koti, akaniachia na ndizi. Gauni la yule mama bado liko kwenye ndoano, mwaka wa tatu sasa, na namba yake haipatikani.

Kile nilichokiita machale hakikuwa hekima. Kilikuwa dharau iliyovaa nguo za hekima. Kwa hiyo kwenye daftari, ukurasa wa nyuma kabisa, weka orodha ya mambo ambayo moyo wako umefeli. Yangu ina suti, watu nisiowajua, na lolote linalomhusu mdogo wangu wa mwisho, ambaye namwamini hata akisema mlima umehama.

Kuna mambo hayapelekwi kwa moyo hata kidogo. Uvimbe mwilini unapelekwa hospitali. Mkataba wa shamba unapelekwa kwa mtu anayejua sheria. Na kama umepitia kipigo, ajali au msiba mzito, kengele yako ya ndani inaweza kulia mahali ambapo hakuna hatari. Huo si udhaifu, ila usiitumie peke yake kuamua, tafuta mshauri nasaha. Hata njaa tu inatosha kuharibu kipimo. Mimi nikiwa sijala mchana, kila mteja ni mwizi.

Hatua ya tatu: tafuta neno lake

Tarehe ni rahisi. Shida ni pale mtu wa ndani anapokuwa hasemi kitu cha kueleweka, ila tumbo limekaza. Unaitwa kwenye jambo, unasema "sawa", na njia nzima ya kurudi nyumbani unajisikia kama umeacha pasi imewashwa.

Njia ninayotumia inatokana na Eugene Gendlin, mwanafalsafa na mwanasaikolojia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na Carl Rogers. Walisikiliza kanda za watu wakizungumza na washauri wao, wakitaka kujua nani atapona na kwa nini. Waliopiga hatua hawakuwa wasemaji wazuri. Walikuwa wale wanaokwama katikati ya sentensi, wanasema "ni kama... hapana, si hivyo... ni kama...", wakitafuta neno litakaloendana na kitu wanachokihisi mwilini. Neno likipatikana, mwili unalegea kidogo. Gendlin akaona kwamba hilo linaweza kufundishwa kwa mtu yeyote.

Nitakuonyesha kwa jambo lililonipata.

Binamu yangu alikuwa anaoa. Mweka hazina wa kamati akanipigia: "Dada, tumekuandikia laki, sawa?" Nikasema sawa. Tumbo likafunga fundo. Jioni nikafunga kazi, nikakaa kwenye kigoda changu, mlima umeshafunikwa na mawingu kama kawaida yake baada ya asubuhi, na nikajiuliza polepole: hapa pana nini?

Jibu la kwanza lilikuja mbio: hela sina. Nikalipeleka tumboni, kama mtu anayejaribisha kishikizo kwenye tundu. Fundo halikusogea. Ilikuwa kweli kwamba laki ni nyingi, ila si hilo. Nikajaribu "hasira". Hapana. "Naogopa kamati wataniona sina kitu." Hapo kifua kilitikisika kidogo, lakini fundo likabaki. "Wivu." Nililisema hilo kwa aibu, maana mtoto wangu wa kike anaelekea kuolewa na mwenzake hajajitambulisha. Nikasubiri. Hapana, wala si wivu.

Nikakaa bila neno, labda dakika tatu. Ndipo likaja bila kuitwa: mama mkwe wangu alipofariki, binamu huyu hakuja kwenye maziko. Mabega yakashuka yenyewe. Machozi nayo.

Angalia kilichotokea. Kama ningeishia kwenye jibu la kwanza, ningempigia mweka hazina nikadai hali ngumu, na huo ungekuwa uongo mwingine, uliofanana na ukweli. Nilichofanya ni kumwambia aandike elfu thelathini na nikazituma palepale. Baada ya harusi, siyo kabla, nikamwambia binamu kuhusu maziko. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema hakuwa na nauli na aliona aibu kusema.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kaa mahali penye utulivu, uliza "hapa pana nini?", usikubali jibu la kwanza, jaribisha maneno moja moja, na usimame pale mwili unapolegea. Usipolegea, acha, jaribu kesho. Wengi wanaishia njiani kwa sababu wanategemea sauti. Hakuna sauti. Kuna fundo, na kuna kulegea.

Utajuaje kwamba si hofu tu inayoongea? Kwangu mimi hofu ina mdomo mrefu: inatoa sababu, inatoa mifano, inataja majina ya watu watakaocheka, na inataka niamue sasa hivi. Yule anayejua husema neno moja akanyamaza, na ukirudi wiki ijayo anasema neno lilelile.

Utafiti unaotajwa sana hapa ni wa mwaka 1997, wa Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao huko Iowa. Watu walicheza karata za kubahatisha hela, huku jasho la viganja vyao likipimwa. Viganja vilianza kutoa jasho mbele ya mafungu mabaya ya karata, yale yanayoleta hasara, kabla wachezaji hawajaweza kueleza ubaya wake. Mwaka 2004 watafiti wengine walirudia mchezo wakawauliza wachezaji maswali ya kina zaidi, wakaona kwamba walikuwa wanajua mengi kuliko ilivyodhaniwa. Mimi kama fundi naupenda huo ubishi wenyewe: mtu anajua, ila hakuulizwa vizuri.

Hatua ya nne: nunua muda bila kudanganya

Hii ni fupi. Kati ya swali na "sawa" yako weka pumzi mbili. Kama hazitoshi, sema: "Naomba nikujibu kesho saa nne." Taja saa, na saa nne mpigie. "Nitaangalia" na "tutawasiliana" havihesabiki, kwa sababu sote tunajua maana yake ni hapana isiyo na ujasiri. Na tafadhali usimtumie Mungu. "Mungu akipenda" ni maneno mazito. Ukiyatumia kumkwepa mteja umemfanya Mungu karani wako.

Hatua ya tano: kikao cha maswali

Mambo mengine ni makubwa kuliko kigoda: kuacha kazi, kuvunja uchumba, kugawana kihamba, shamba la ukoo, na kaka zako. Hapo unahitaji mtu, na shida ya watu wetu wema ni kwamba wana ushauri. Ukifungua mdomo kwa mama mkubwa umeshapewa hukumu, mfano wa jirani na sala.

Waquaker wana desturi inayofaa. Majirani zetu wa magharibi mwa Kenya wanawafahamu kama Kanisa la Marafiki, tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902. Mwenzao akiwa na jambo zito, wachache huitwa kukaa naye, na hawaruhusiwi kumshauri. Kazi yao ni kuuliza maswali ya kweli, yale ambayo muulizaji hajui jibu lake, na kunyamaza katikati.

Mimi nilimwomba dada mmoja tunayepanga naye baraza, anayeuza nyuzi na zipu. Nikamwambia: nusu saa, uniulize tu, ukianza na "mimi ningekuwa wewe" nakutoza soda. Nilikuwa nataka kuacha kikoba chetu na sikuweza kusema kwa nini. Soda mbili zililipwa robo saa ya kwanza. Kisha akauliza, huku akipanga vibobini vyake bila kunitazama: "Ukifikiria Jumamosi ya kikao, unaanza kujisikia vibaya kuanzia saa ngapi?" Nikajibu kabla sijafikiri: kuanzia pale mwenyekiti anaposoma majina ya waliochelewesha marejesho. Kumbe sikuchoka na kikoba. Nilichoka kukaa kimya wakati mjane mmoja anaaibishwa kila wiki mbele yetu.

Maswali mazuri hayana "kwa nini". "Kwa nini" humfanya mtu ajitetee. Uliza lini, wapi, nani alikuwepo, mwili ulikuwaje, ungefanya nini kama hakuna ambaye angejua. Swali likishaulizwa, nyamaza hadi ukimya uwe mzito, kisha nyamaza tena kidogo.

Hatua ya sita: sema, kwa adabu

Wapo watakaosoma hadi hapa wakasema huu ni mwongozo wa kuwa mtu mkavu. Hapana. Adabu ya Kiswahili si uongo. Mtu akikusalimu "hujambo" ukajibu "sijambo" na goti linakuuma, hujadanganya. Umefungua mlango wa mazungumzo. Ukimwambia mgeni "karibu chakula" na sufuria ina mtori wa watu watatu, utaongeza maji. Jipime mwenyewe: ukisema hayo, tumbo halikazi. Linakaza pale ambapo mtu ataondoka na kupanga maisha yake kwa kutegemea neno lako. Hapo ndipo tafsida inapoishia.

Sentensi nilizozifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja, kwa sauti, hadi zikaacha kunitetemesha:

"Shikamoo mama. Ijumaa sitaweza, nitakudanganya. Jumatano ijayo jioni itakuwa tayari."

"Kadi nimeipokea, nashukuru kwa kunikumbuka. Uwezo wangu ni elfu thelathini, na naituma sasa hivi."

"Baba, hilo sikubaliani nalo, ila naomba nilieleze tukiwa wawili."

Ukweli uwe mbele na heshima iuzunguke. Ukiweka maelezo kumi kwanza, kufika kwenye ukweli umeshabadilika. Na usiongeze sababu zisizoulizwa. Nimegundua kwamba sababu ya tatu ndiyo huwa ya uongo.

Jambo moja la kukataza: usitumie moyo wako kuwapiga wengine. "Moyo wangu unaniambia unanidanganya" si uaminifu, ni tuhuma isiyo na shahidi. Yule mtu wa ndani anajua mambo yako. Ya mwenzio muulize mwenzio.

Gharama nitakuambia, kwa sababu waandishi wa mambo haya huwa hawaitaji. Desemba ile ya kwanza, wateja saba walisikia "sitaweza kabla ya sikukuu" wakachukua vitambaa vyao. Wanne walivipeleka kwa fundi wa baraza ya pili, aliyewaambia Ijumaa. Mwezi wa kwanza kodi ya baraza niliilipa kwa kukopa. Wawili kati ya wale wanne walirudi, wengine sijawaona tena. Usingizi ulirudi, hilo kweli, na simu nilianza kuipokea bila kwanza kutazama ni nani. Kama ilifidia ile kodi, hesabu bado sijaimaliza.

Hatua ya saba: fukua wa zamani

Daftari likikaa miezi kadhaa, uongo wa zamani utaanza kupanda wenyewe, kama mawe shambani baada ya mvua. Usiufukue wote. Kuungama jambo ambalo litamuumiza mwingine ili wewe upumue ni kumhamishia mzigo. Chagua ule ambao kuna mtu bado anaulipia.

Wangu ulikuwa wa lesi. Mama mmoja wa Kibosho alileta mita nne za lesi nyeupe kwa gauni la kipaimara la binti yake. Nikakata upande wa mbele mfupi, nilikuwa naongea na simu. Alipokuja nikamwambia kitambaa hakikutosha, alipunjwa dukani. Akaenda akagombana na mzee wa duka, akanunua nusu mita nyingine kwa hela yake, na hakukanyaga tena duka lile. Nilimwona akilipita kwa kuvuka barabara. Miaka miwili.

Kwetu Uchagani, aliyekosa huenda na jani la sale. Ni mmea uleule tunaoupanda mipakani mwa vihamba, na ukiletewa jani lake unatakiwa umsikilize aliyelileta. Mimi nilikata moja kwenye mpaka wa nyumbani, nikalifunga kwenye gazeti, nikapanda daladala ya Kibosho nikijisikia mjinga. Ukitaka kufanya hatua hii, jani si lazima. Lazima ni uende mwenyewe, siyo ujumbe wa simu, na useme tendo lenyewe kwa sentensi moja kabla ya salamu hazijawa ndefu. "Mama, ile lesi hukupunjwa. Niliikata vibaya nikakudanganya." Kisha toa fidia mkononi, mimi nilikuwa na hela ya nusu mita. Usieleze ulikuwa na hali gani siku ile. Hakuuliza.

Alilishika lile jani akiligeuzageuza. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Na yule baba wa dukani?"

Tukashuka mjini naye siku ya tatu yake. Mzee alikuwa anakunja vitambaa, miwani puani. Nilimwamkia nikamweleza. Akaendelea kukunja hadi mwisho wa jora, akaliweka kwenye rafu, ndipo akageuka.

"Nilijua," akasema. "Mimi kipimo changu ni cha chuma."

Akanyoosha mkono. Sikuelewa anataka nini hadi aliponionyesha shingoni kwangu, ambapo futi kamba ilikuwa inaning'inia kama kawaida. Akailaza juu ya rula yake mezani, sifuri kwa sifuri, akaivuta taratibu hadi mwisho, na sote watatu tukainama kuangalia.